Ruka Ule wa Mwishoni

Niliiba kwa kalamu
jina la mtu muhimu,
nalo likanihukumu
nikavushwa baharini.

Miezi mitano, giza,
pingu, matapishi, funza,
na Hobati ikaanza
kwa mvua bandarini.

Kazi yangu? Kuandika.
Msimamizi kacheka,
mezani akaniweka:
mwizi wa hati, karani.

Mchana nahesabia
serikali magunia;
usiku hunijilia
wenzangu, kimya, gizani.

Huleta chai, tumbaku;
mmoja kaleta kuku
aliyeibwa usiku,
niandike: “Samahani.”

“Mtukufu, bwana wetu,
sisi mavumbi, si watu,”
ndivyo twaanza, na kutu
ya pingu i mikononi.

Honora aliuguza
mwana wa hakimu, Liza,
koo lilipomuoza,
akilala sakafuni.

Mtoto alipopona
hakimu akaliona
ombi, akatia jina;
akafutwa kitabuni.

Mwingine aliopoa
sajini, kisha katoa
pumzi. Jibu likatua:
“Awe huru.” Kaburini.

Obadia alitaja
mtoro alikongoja;
risasi ikaja, moja,
ikakaa mgongoni.

Yeye alisamehewa,
shamba na ng’ombe kapewa,
ila hakusalimiwa
tena, hata kanisani.

Langu nililiandika
mara moja; wakacheka:
“Huyu mwizi, kwa hakika,
hati yake tuamini?”

Jago, mchimba wa bati,
aliiba, ni wakati
wa njaa; hakuna senti;
kondoo wa majirani.

Miaka tisa ya mawe,
apige jiwe kwa jiwe,
ili barabara iwe
nyeupe juu mlimani.

Nikamwandikia ombi,
akakiri zile dhambi;
likavuka na mawimbi
kwenda mezani Londoni.

Mwaka; na mwaka wa pili.
Jago akanikabili
kila zifikapo meli,
kwa macho, pale gatini.

Mkono ukaniwasha:
nta, mshumaa, vyatosha
muhuri kufananisha,
na kitanzi ki shingoni.

Sikuthubutu. Barua
ikaja siku ya jua;
Jago kofia kavua,
“Soma,” kasema, “karani.”

Hajui hata alifu.
Nikasoma: “Mtukufu
mwenye taji, mwadilifu,
akutoa kifungoni.

“Uwe huru. Jenga. Lima.
Tembea mbele na nyuma,
lakini—” Nikasimama,
neno likawa kooni.

“Lakini ukirejea
kwenu, yote yapotea,
nasi tutakungojea
na pingu pale ngazini.”

Akaitazama nta,
akaikuna, kasita,
midomo akaifuta
kwa mkono wa kazini.

“Mama yangu, kama yuko,
hukaa mbele ya jiko
akingojea mwandiko
asomewe mlangoni.”

Nikatazama kisiwa:
kizima kimeibiwa,
wenyewe wameuliwa.
Nani kasamehe nani?

Jago akaketi. “Soma,
soma tena, kwa huruma,
mistari ya rehema;
ruka ule wa mwishoni.”

Nikasoma. Nikaghushi
kwa ulimi, kwa utashi;
utambi ukawa moshi,
nasi tungali mezani.

Mara ya saba, sauti
haikuwa yangu; hati
kampa mchimba-bati
ruhusa kwenda nyumbani.